Turnedisiki ya bei ya chini kule Katindo: angalia sindano kwanza, kisha sura

Vijana wa uzi huu, wakuu wote na nyinyi mungali munakua, nawasalimia. Mimi ni bibi ya watu, nakaa Keshero, masomo yangu iliishia chini. Nitaandika vile ninasemaka. Uongo siweke ndani, juu hii ilinipata mimi mwenyewe.

Naona munaulizana humu kama turnedisiki za zamani, zile mashine za kupigia santuri, zinafaa kununua okazio, zimekwisha kutumika. Munatumiana picha. Mbao inang'aa, vifungo vinang'aa, munasema ni muzuri.

Muzuri ya nini? Picha haina sauti.

Sikilizeni.

Bwana yangu alikuwa mupiga gitaa. Angali kijana, aliimba ndani ya santuri moja tu. Kisha akaacha muziki, akafuga ng'ombe mpaka alipokufa. Wajukuu walijua sauti yake ya kuita ng'ombe. Ile ya kuimba hawajaisikia hata siku moja. Iko ndani ya ile santuri peke yake, pahali pengine haiko.

Volkano ilipotushukia, wengine walibeba matela za kulalia. Mimi nilifunga santuri ndani ya kitenge, nikakimbia nayo.

Sasa tulikuwa tunakaribia kuondoa matanga yake. Kwetu, mpaka matanga iondolewe, muziki hakuna nyumbani. Mutoto wangu wa kwanza, Justin, akasema siku ile ya kufungua muziki, sauti ya kwanza ikuwe ya papa, baba yake. Lilikuwa neno la heshima, nikakubali. Akasikia kuna muzee Katindo anauzisha turnedisiki bei ya chini.

Tukaenda na santuri yetu ndani ya kitenge.

Muzee alikuwa na adabu. Nyumba yake ni ya mbao juu ya mawe ya volkano, sawa zetu wote. Nikamuomba asiwashe kwanza. Nikazungusha sahani na kidole, nikainamisha macho sawa vile unaangalia kama sufuria imekaa vizuri ku mafiga. Haikuyumba. Akaweka kura, umeme ukaingia, moteri haikunguruma. Kisha akaweka santuri yake mwenyewe.

Hapo nikapotea.

Sahani ilizunguka polepole, mwanga wa dirisha unapanda juu yake, unashuka, unapanda, unashuka. Gitaa ikaingia. Nikaona bwana yangu anatoka ziwani, shati imemushika mugongo, gitaa ku bega, anacheka peke yake. Hakuniangalia. Alipita karibu yangu sawa mutu anapita ku mulango wake. Nikasikia hata harufu ya sabuni yake.

Mikono yangu ilikuwa imekwisha kufungua kitenge, mimi sijui. Santuri yetu Justin alikuwa ameishika tayari.

Lori ikapita barabarani.

Mbao zikatetemeka, meza ikatetemeka, sindano ikaruka, ikakwaruza santuri ya muzee toka pembeni mpaka katikati.

Bwana yangu akaisha.

Muzee akasema, "Hiyo si kitu, mama. Inafanyaka vile."

"Kwa yako si kitu, papa," nikamujibu.

Nikaomba atoe sindano niione. Nimeshona nguo maisha yote. Nikaipitisha pole juu ya ukucha: ikakwaruza. Ku ncha kulikuwa unga mweusi. Kwanza nikazania ni vumbi ya volkano, lakini ile inakata kidole, na huu ulikuwa laini. Ulikuwa unga wa santuri yake. Ile sindano ilikuwa inaimba huku inakula.

Justin akanivuta pembeni. "Mama, mara moja tu. Watu wote watakuwa pale."

"Na kesho wakiomba tena?"

Akarudisha macho ku mashine. Namujua. Mara moja ingekuwa mbili, kisha shangazi yake angefika amechelewa sawa kawaida, na yeye tungemupigia.

Mashine tulinunua. Moteri ikiwa muzima na sahani ikiwa sawa, unachukua, sindano inabadilishwa. Ya mupya tumeagiza kwa mufanyabiashara anayeendaka Kampala. Haijafika. Mashine tumeiweka juu ya jiwe kubwa ndani ya sebule, sababu nyumba ya mbao inacheza kila mutu akitembea.

Fundisho ni hili. Mukienda kununua, bebeni santuri musiyoipenda. Na moyo ukianza kuota, toa mikono ku mashine kwanza, uote, ukimaliza uangalie. Mwenye anajua namna ingine ya kupima sindano, aandike hapa chini. Mwenye anaona nilikosea, naye aandike. Nitasoma.

Matanga tuliondoa bila bwana yangu kuimba. Watu wa nyumba walinuna, wajukuu walilia. Nikawaacha walie. Jioni, vyombo vikiisha kuoshwa, nikawakalisha wote na kuwaambia:

"Hii santuri mutu asiiguse mpaka sindano mupya ifike. Na kama nitakufa sindano haijafika, munizike kimya."