Kiti cha Mama Amoit

Ile siku ya Malaba naikumbuka kama ya juzi, mwanangu, ingawa wakati huo nywele zangu zilikuwa nyeusi na suruali zangu zilikuwa na mstari wa pasi. Nimesikia umepewa usimamizi wa mradi wa kuleta mfumo mpya wa kompyuta kwenye ofisi za mpakani. Hongera. Nilifurahi, kisha nikakosa raha, maana kazi hiyohiyo niliwahi kupewa mimi nikiwa na umri wako, na kuna mtu natamani sana angekuwepo akuambie haya badala yangu.

Anaitwa Mama Amoit. Ona, mpaka leo nasema "anaitwa". Alikuwa karani, Mteso wa hukohuko Malaba, miwani yake imefungwa kwa uzi, na kazi yake ilikuwa kuandikisha kwenye daftari kubwa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Sisi wa makao makuu tulikuja kuliondoa daftari hilo. Kompyuta ingempa kila dereva namba kwa jinsi alivyofika, basi, hakuna kujuana, hakuna upendeleo. Neno hilo upendeleo nililipenda! Nililitaja katika kila mkutano.

Asubuhi ya kwanza alinisalimu kwa Kiteso, "Yoga!", akacheka nilivyobabaika kujibu. Kisha akavuta kiti cha mbao, akakiweka kando ya meza yake.

"Boss, kaa hapa na mimi siku tatu tu. Uone vile kazi inaenda."

"Mama, hizo siku tatu sina. Tarehe ya uzinduzi imeshapangwa na mgeni mkubwa anakuja. Wakubwa wako wamenieleza kila kitu."

"Wamekueleza," akasema. "Sawa, boss."

Kiti hakukiondoa. Kila siku nilikikuta palepale, nami nikapita mbio, simu sikioni, nikijifanya mtu wa maana. Jamani, ujana!

Siku ya uzinduzi mgeni alikata utepe, tukapiga makofi, daftari likafungiwa kabatini. Kwenye mpango wangu nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba hatutarudi kwenye karatasi hata kwa saa moja. Mchana, jua likiwaka, dereva mmoja akaja dirishani akitokwa na jasho. Alikuwa amebeba vifaranga wa siku moja, maboksi kwa maboksi, wa mama mmoja mfugaji aliyekuwa akiwangoja upande wa pili. Mbele yake kulikuwa na foleni ndefu ya malori ya simiti na mabati.

"Huyu atoke saa hii," Mama Amoit akaniambia. "Mimi huuliza kila dereva, kuna kitu inapumua huko nyuma? Kama iko, naweka nyota nyekundu na anaitwa wa kwanza. Madereva wote wanajua. Hakuna mwenye hulalamika."

Nyota nyekundu! Nilikuwa nimeziona kwenye daftari lake. Sikumuuliza. Niliziandika kwenye ripoti yangu kuwa ushahidi wa upendeleo, nikaituma Nairobi.

Nikajaribu kumsogeza yule dereva mbele, mfumo ukakataa, kwa sababu mimi ndiye niliyeagiza ukatae. Bila namba yake kufika, karatasi zake hazingegongwa muhuri. Nairobi ndiko walikoweza kubadilisha, na simu ya Nairobi haikushikwa.

"Nifungulie daftari, nimwandike huko apite," Mama Amoit akasema.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, mwanangu. Lakini mgeni alikuwa bado yuko ofisi ya pili akinywa chai, nami niliogopa akituona tumerudia karatasi siku ya kwanza. Nikasema hapana.

Namba ya yule dereva ilipofika, jua lilikuwa limeshuka. Hakunitukana. Alienda kwenye lori, akarudi na kifaranga mmoja aliyekufa, akamlaza mezani kwangu kando ya kompyuta, akachukua karatasi zake akaondoka. Ningalipenda anitukane.

Mama Amoit alimfunika kifaranga kwa karatasi. "Ungekaa hata siku moja," akasema polepole, "ungeniuliza hiyo nyota ni ya nini."

Baadaye mfumo tuliurekebisha. Ripoti haikurekebishwa. Mama Amoit alihamishwa mbali kwa sababu ya zile nyota, akastaafu hukohuko na doa ambalo halikuwa lake. Ningeweza kuandika barua kusema nilikosea. Nilisema nitaandika wiki ijayo, na wiki hiyo ilipofika nikasema hivyo tena, mpaka nikaacha hata kusema.

Nilipostaafu na kurudi hapa nyumbani Bukhayo, nilibeba sukari na mkate nikaenda kwao. Binti yake aliniambia walishamzika. Alinitolea kiti, nikakaa uani mchana mzima. Nilitamani aje aniulize kile alichokuwa akiwauliza madereva, kama kuna kitu kinachopumua huko nyuma. Hakuna aliyenifukuza, ila yule aliyetaka kunionyesha kazi hakuwepo tena.

Kwa hiyo nisikilize. Kabla hujachora mpango wowote, nenda dirishani, ukae na yule anayeifanya kazi yenyewe, si bosi wake. Ukiona alama usiyoielewa, uliza kabla hujaiandikia ripoti. Daftari la zamani liache wazi mpaka mfumo mpya uzoeleke, na siku mambo yakiharibika, lifungue, hata kama mgeni anatazama. Na ukimkosea mtu, andika barua hiyo leoleo, angali na macho ya kuisoma.

Mungu akutangulie, mwanangu, aibariki mikono yako, na akukutanishe na watu wa kukwambia ukweli. Na mmoja wao akikuvutia kiti, nakuomba, kaa.