Fundi wa Masanduku Aliyemzika Nduguye Bila Sanduku

Ni saa moja asubuhi sokoni Macalder, eneo la Nyatike, na randa ya Monari inapita juu ya ubao wa saiprasi. Kwa miaka kumi na tisa fundi huyu Msabato ametengeneza masanduku ya maiti. Kwa mwezi huuza manne hivi.

"Nimehudumia misiba ya Nyatike nzima," asema. "Wa ndugu yangu ndio ulinishinda."

Mwezi Machi, mdogo wake, Gisiri, alifukiwa na kifusi katika shimo la dhahabu. Mwili ulipotolewa, Monari hakulia. Alishika msumeno. Sanduku lilikuwa limebaki kifuniko tu wakati wanaume sita wenye kofia walipoingia kibandani.

"Pole, fundi," alisema imamu wao, Willis Abdalla, muuza dagaa wa omena. "Tumekuja kumwosha ndugu yetu. Tunazika kabla ya saa kumi."

"Ndugu yenu? Huyu tumekula sahani moja tangu utoto. Ni Msabato!"

"Amesali na sisi miaka miwili."

Randa ilimponyoka. Alimgeukia mjane wa Gisiri, Nyakerario, aliyesimama mlangoni, akitarajia akanushe.

"Ni kweli, shemeji," alijibu, macho chini. "Aliogopa kukuambia. Alisema akifa asitiwe kwenye sanduku, hata kama ni lako."

"Hata kama ni lako!" Monari anarudia hadi leo, akipiga paja. "Ni kama nilizabwa kofi mbele ya watu."

Imamu asema walipoanza kusali hapo walikuwa saba. Leo wamepita themanini, wengi wao wachimbaji na wavuvi waliolelewa makanisani. Monari alikuwa akiwaona kila Ijumaa. Hakuwahi kuwaza kwamba wa kwao yumo.

Alasiri hiyo Gisiri alilazwa na sanda yake katika mwanandani, uwazi uliochimbwa ubavuni mwa kaburi. Zikahitajika mbao za kumkinga na udongo. Hakuna aliyekuja nazo. Monari alikimbia kibandani, akang'oa misumari ya lile sanduku, akarudi na mbao begani.

"Nilizipanga mwenyewe," asema.

Ana watoto wanne, wawili wanafanya kazi Homa Bay. Tangu mazishi, anapowapigia simu hutaka kuwauliza kuhusu imani, kisha huishia kuuliza habari za kazi.

"Sabato ijayo nimewaita wote. Nitawauliza mmoja mmoja wanaamini nini. Sitaki vita. Nataka kusikia tu, wakiwa bado wana mdomo wa kunijibu."