Meli Isiyo na Maji, Taa Zisizo na Mwenyewe

Habari ilinifikia hapa Arua Jumanne, kwa mdomo wa dereva wa lori la tumbaku aliyetoka Koboko: yule mzee wa meli amekufa. Hakunitajia jina, wala sikumwuliza. Koboko nzima alikuwa mmoja tu wa kuitwa hivyo, mtu aliyeishi mbali na kila bahari, akiuza mafuta ya taa na sabuni mchana, na jioni akiunda meli ndogo za mbao. Alizikwa siku ileile, kama ilivyo desturi ya Waislamu, kwa hiyo sikuwahi hata kutupa konzi ya udongo. Nawaandikia haya badala ya konzi hiyo.

Katika miaka ya sabini nilikuwa nikipima tumbaku ghalani, na kila msimu kazi ilinifikisha Koboko. Ujanani mwake mzee huyu alikuwa akichochea moto kwenye meli ya mvuke iliyotoka Pakwach kufuata Nile. Meli zilipoacha kwenda, alirudi kwao na kovu la moto mkononi na meli nzima kichwani. Mwili wa chombo aliuchonga katika mti mwepesi, ule wa mafundi ngoma. Dohani aliitoa kwenye ganda la betri kuukuu, kamba akazifumua kutoka kwenye gunia. Gundi aliichemsha kwa vipande vya ngozi, na harufu yake iliwafukuza majirani hadi barabarani. Walimpigia kelele kutoka huko: "Mzee, hii meli maji yake iko wapi?" Naye bila kuinua macho: "Maji iko njiani, inakuja. Nyinyi ogeni kwanza." Kazi ilipokwisha aliwasha kibatari kidogo ndani ya chombo, na madirisha yake yakaangaza ukutani, yakitikisika kidogo. Tulisogea sote kutazama. Wakati mwingine niliona kama ukuta ndio unaokwenda, na sisi tumo ndani yake.

Kiangazi kimoja taa zilianza kuonekana juu ya kilima cha upande wa Kongo. Nami niliziona. Zilikuwa za manjano, zimejipanga mstari mmoja, zikienda polepole bila kupanda wala kushuka, kisha zikafifia moja baada ya nyingine kama watu wanaosinzia. Mzee alisimama kando yangu, kisu cha kuchongea mkononi, akanong'ona: "Inatembea kama meli." Laiti jambo lingeishia hapo, lingekuwa kumbukumbu tamu tu. Lakini kwetu moto unaotembea usiku bila mtu husemwa ni wa mchawi anayekwenda kudhuru wenzake, na chini ya kilima kile, njia ya Lobule, aliishi mama mjane peke yake, bila mtoto. Baraza likaitwa. Wanaume wakasema ahame kabla ya mvua, la sivyo nyumba yake itachomwa, awe ndani au nje.

Mzee wa meli akasimama. "Hiyo taa mimi niliona. Si ya huyu mama."

"Sasa iko ya nani?" mkulima mmoja mwenye sauti kubwa akauliza. "Iko ya meli yako?"

Watu wakacheka, na katika kicheko kile palikuwa na mlango wazi. Angesema ndiyo, ni mimi nilipandisha meli yangu kilimani, wangemtukana kidogo na mama yule angelala salama. Nilimwombea aseme hivyo. Akasema: "Hapana. Meli yangu iko nyumbani. Hiyo taa sijui."

"Kama hujui, unajua namna gani si ya huyu mama?"

Aliketi, na mimi nilimkasirikia. Lakini kesho yake alifunga mbao, kisu na chungu cha gundi kwenye baiskeli, akaenda kuunda meli uani kwa mjane, mahali peupe, mbele ya kila mpita njia.

Alikwenda kila jioni. Mama alimshikia nyuzi huku akimsuta: "Wewe mwanaume muzima, unashonea mti nguo?" Watu walikuja kudhihaki, wakazoea, wakaanza kuja na karanga zao. Hata yule mwenye sauti kubwa alikuja, akakaa mbali na gundi. Jioni moja, mama akiwa ameuma uzi ili mzee afunge fundo, taa zikatokea kilimani. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walitazama juu, kisha wakamtazama mama, uzi ungali menoni mwake, kisha wakatazama juu tena, mpaka taa ya mwisho ilipofifia. Yule mkulima akakohoa. "Mama," akasema, "kesho nitaleta kuni."

Mama akakata uzi kwa meno. "Leta. Na chumvi."

Miaka ile ilitufundisha vibaya. Kila jambo lilitakiwa kuwa na mwenyewe, na upesi, na aliyesema hajui alidhaniwa anaficha. Juzi kijana mmoja mwalimu aliniambia huenda zilikuwa taa za malori ng'ambo ya mpaka, au wawindaji wakichoma nyasi. Huenda. Mara ya mwisho tulipoonana nilimwuliza mzee mwenyewe. Alicheka. "Sijui mpaka leo," akasema, "lakini ilikuwa mzuri."

Mama yule alikufa kwa uzee, kitandani mwake, meli ile ikiwa juu ya sanduku la nguo zake. Nikiwa kijana nilidhani mzee alishindwa barazani kwa sababu hakuwa na jibu. Sasa naona kwamba kusema sijui kulikuwa mwanzo tu wa kazi. Iliyobaki ilikuwa kufunga vyombo vyake kwenye baiskeli, na kwenda kukaa karibu na mtu aliyeogopwa mpaka giza liingie, ili wengine nao waone.