Mtoto Anacheza?

Nawaambieni mwenyewe kabla hamjayasikia bombani, maana nusu ya Temeke imekwishanicheka. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa tano. Mume wangu yuko Tanga anakata mkonge, mama yangu yuko Kimbiji, na mie niko kwenye chumba cha kupanga, sina hata wa kumwambia chai imepoa.

Basi tumbo likaanza kunipapatika kila nikijilaza, mfano wa samaki ndani ya tenga. Nikasema hii gesi ya muhogo. Nikaacha muhogo, likazidi. Nikawa nalipiga kikofi: "Tulia wewe!"

Siku ya kliniki, benchi limejaa wanawake. Nesi, mtu mzima, akanipapasa tumbo, akauliza kwa sauti, "Mtoto anacheza?"

"Mtoto gani, mama?" nikamjibu. "Nakaa peke yangu. Hata watoto wa jirani hawaji kucheza kwangu."

Benchi zima likaangua kicheko. Nami, kwa ujuaji wangu, nikaongeza, "Labda unipe dawa ya gesi, inanipapatika humu ndani."

Nesi hakucheka. Akaushika mkono wangu, akauweka chini ya kitovu, akangoja. Mara, pu!

"Gesi yako hiyo, mwanangu. Utaipa jina gani?"

Nikaangua kilio mbele ya watu. Siku zote hizo mtu ananibishia hodi, na mie namwambia atulie.