Njaa ya Hamira

Wiki yangu ya kwanza kazini katika maabara ya chuo, Tororo, Mkuu wa Maabara, ambaye wote tulimwita Madam, alinipokea kwa swali: "Mwanangu, unajua kuishindisha hamira njaa?" Nilikuwa na shahada mpya, nikiamini kwamba sayansi huondoa njaa, wala haiileti.

Akanieleza. Seli ya hamira ikikosa chakula hujila kwa mpango: hufunga sehemu zake kuukuu katika vifurushi vya utando, huvipeleka kwenye vakuoli, yaani kifuko cha kumeng'enyea, kisha huishi kwa kile inachookoa humo. Utando huo haujengwi mpaka kimeng'enya kimoja kitie alama ya fosfati kwenye mafuta yake. Madam alikuwa amefundisha hayo miaka mingi kwa michoro ya ubaoni tu. Ijumaa ile angestaafu, na alitamani ayaone kwa macho yake kabla ya kuondoka. Hamira zilikuwa zimewasili kupitia Busia: aina moja yenye kimeng'enya, nyingine isiyo nacho.

Alhamisi jioni tuliziweka kwenye maji yasiyo na lishe, pamoja na dawa ya kuzuia mmeng'enyo ili vifurushi visiyeyuke. Asubuhi vakuoli zote zilikuwa tupu. Mzee Okoth, mhudumu wetu, alisimama mlangoni.

"Madam, mimi niliwapa usiku ule mchuzi wao wa lishe, wa chupa. Wamefika juzi tu. Kwetu Molo mgeni halali njaa."

Nilikasirika. Madam alicheka mpaka akavua miwani. "Kumbe mzee unataka kunichelewesha kustaafu."

"Kaa tu, Madam. Nani anakufukuza?"

Akanigeukia. "Usikunje uso. Seli iliyoshiba ndiyo huanza njaa vizuri. Zioshe, turudie."

Alasiri, watu wa kumuaga wakimngoja ukumbini, aliinamia hadubini. Penye kimeng'enya, vifurushi vilichezacheza ndani ya vakuoli kama punje za wimbi katika maji yanayochemka. Pasipo nacho, hapakuwa na kitu.

"Mzee Okoth, njoo uwaone wageni wako."

Mzee akatazama. "Wanakula nini?"

"Vitu vyao vya zamani."

"Basi hawakulala njaa."

Mwaka huu nami nimestaafu, ninalima Merikit. Vijana wa maabara hunitembelea na kuniuliza ninaishije bila kazi. Nami huwakaribisha chakula kwanza, kisha huwasimulia Ijumaa ile. Wakiondoka, mimi hubaki nimeshiba.