Mshauri Aliyepeleka Maneno kwa Wakwe

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na sina kazi. Enzi za serikali kuwapangia wahitimu vituo zilikuwa zimekwisha, kila mtu aliambiwa ajitafutie. Nikaenda kukaa Mtinko kwa dada yangu, aliyefiwa na mume akabaki na watoto na shamba la alizeti.

Dada alikuwa hapati usingizi. Mlangoni mwa zahanati kulikuwa na kijitabu cha chama cha washauri nasaha, kimefungwa kwa kamba kisiibwe. Vyama binafsi vilikuwa vinaota kila mahali siku zile, sambamba na maduka ya mitumba na mashine za kukamua mafuta. Ndani kulikuwa na majina ya washauri wa mkoa mzima, na aliyekuwa karibu nasi ni mwalimu mstaafu aliyekaa nyuma ya uwanja wa mnada. Chini ya kila jina waliandika kwamba mhusika anatunza siri.

Dada akaanza kwenda kwake. Alirudi ametulia, akawa analala. Alichokuwa akimwambia nilikuja kukijua siku ileile walipokijua watu wengine wote: ukoo wa marehemu ulitaka arithiwe na shemeji yake mkubwa, yeye hataki, na anaogopa kwamba akikataa atanyang'anywa shamba.

Mwalimu aliyachukua maneno hayo akayapeleka kwa wakwe. Alikaa nao uani akawaeleza yote. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Kwetu jambo la nyumba hupelekwa mbele ya wazee wa ukoo, na anayelipeleka huhesabiwa mtu mwema. Yeye alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake, kabla ya chama na kijitabu chake.

Shemeji alikuja asubuhi, akasimama katikati ya alizeti.

"Shemeji, kumbe unatusema kwa washauri wa vitabuni?"

"Sikuwasema. Nilisema yangu."

"Haya. Hizi utavuna. Msimu ujao tutaona nani analima."

Niliamua kwenda mjini, kwenye ofisi ya chama. Njiani nilifikiria kila namna jambo hili linavyoweza kuharibika. Katibu angeweza kuwa ndugu wa mwalimu, akanifukuza. Angeweza asiwe ndugu yake, akanisikiliza, na hilo lilinitisha zaidi kwa sababu ningelazimika kuendelea. Nilikuwa bado napima lipi ni baya zaidi nilipokutana na mwalimu mwenyewe kwenye kituo cha basi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wapi asubuhi hii?"

"Mjini. Naulizia kazi."

Akaniangalia kuanzia juu hadi chini. "Usije ukavaa suruali hiyo siku ya usaili."

Nilimshukuru. Ndani ya basi nilikaa nikiitazama suruali.

Katibu wa chama alikuwa mama wa makamo, anamenya karanga mezani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Wewe ndiye uliyeshauriwa?"

"Hapana, mama. Ni dada yangu."

"Dada yako hana mdomo?"

"Anao."

"Basi mlete na mdomo wake. Nikipokea malalamiko ya kusikia, mwalimu atasema ameonewa, na atakuwa amesema kweli."

Nikauliza kama jina la mwalimu lingeweza kuondolewa kwanza, wakati wanachunguza.

"Kijitabu kimeshachapwa, mwanangu. Unataka nikakichane mlangoni mwa zahanati?"

Nilimweleza dada, pamoja na hatari zote nilizoziona. Alinisubiri nimalize.

"Umeshaogopa vya kutosha?" akauliza. "Sasa niambie ni siku gani tunaenda."

Dada alikwenda akatoa malalamiko kwa mdomo wake. Tulipoitwa tena ofisini, mwalimu alikuwepo, pamoja na mwenyekiti wa chama na katibu. Mwalimu alizungumza bila hasira. "Nilimtetea huyu. Niliwaambia wasimlazimishe. Mimi si mgeni pale, ningekaa kimya nikiona nyumba inaharibika?"

"Nilikuomba unitetee?" dada akauliza.

"Hukuomba. Lakini ulilia."

Mwenyekiti akamuuliza dada anataka chama kifanye nini. Mimi nilikuwa nimemwandalia jibu: jina liondolewe, watu wengine wasije wakafikwa na hayo. Tulikuwa tumelirudia mara nyingi jikoni. Dada hakulisema.

"Arudi uani kwa wakwe," alisema, "palepale alipokaa. Aseme maneno yale hayakuwa yake kuyatoa. Halafu mimi nitayatoa mwenyewe."

Katibu aliacha kuandika. Mwalimu alitazama kofia yake iliyokuwa magotini, akakubali.

Uani kwa wakwe alisema maneno machache na akakaa. Dada akasimama. Aliwasalimia wazee shikamoo, mmoja mmoja, kisha akasema hatarithiwa, na kwamba shamba analilima kwa ajili ya watoto wa marehemu, ambao ni damu yao. Wazee wakajadiliana kwa Kinyaturu. Shemeji alianza kuingilia, akaambiwa anyamaze. Mwisho mzee wa ukoo akageuka.

"Sasa tumesikia jambo," alisema. "Yale ya kwanza yalikuwa umbea. Lima, mama."

Msimu uliofuata dada alilima. Shemeji alipita barabarani na ng'ombe wake bila kusimama.

Chama kilipotoa kijitabu kipya, jina la mwalimu halikuwemo. Wengine waliobaki waliandikiwa vilevile kwamba wanatunza siri. Wakati huo dada alikuwa ameanza tena kukosa usingizi, nikaazima nakala nikaja nayo nyumbani. Alikuwa anachambua mlenda.

"Kuna mmoja yuko mjini," nikamwambia. "Wa mjini hawajui wakwe zako."

"Soma tu," akasema. "Nasikiliza."

Nikasoma majina yote, moja baada ya jingine, na mahali wanapopatikana. Alipomaliza mboga akanyanyua ungo, akaingia jikoni.