Muzimu Aliyetumwa Ruziba

Harufu ya ndagala waliokaushwa hunikumbusha vitabu, na najua si watu wengi wanaoweza kusema hivyo. Yaya Zaina, yaani dada Zaina, binti wa mama yangu mkubwa, aliuza ndagala mbele ya nyumba yetu kule Buyenzi mjini, na kati ya mteja mmoja na mwingine aliandika. Alikuwa na miaka kumi na saba, shule yake imefungwa kwa sababu ya vita. Aliandika kwenye madaftari ya shule, na kila daftari lilinuka samaki kiasi kwamba paka wa jirani naye alikuwa msomaji wetu mwaminifu.

Hadithi yake ilikuwa ya mfululizo. Ndugu wawili walitafuta ngoma iliyoibwa na mfalme wa viboko na kufichwa chini ya ziwa. Walisafiri kwa mtumbwi unaoruka, na kusema kweli walichosha, maana kila sura waligombania kasia. Katika daftari la tatu akaingia Mwavita, mzimu wa msichana wa umri wetu, akawafunika wote wawili. Alipita kwenye kuta. Alipita kwenye bariyeri za askari bila kuulizwa kitambulisho, jambo ambalo kwetu lilikuwa la ajabu kuliko mtumbwi unaoruka. Zaina alimwekea sharti moja tu: hakuweza kusema uongo. Akijaribu, sauti ilimkauka.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na kazi yangu ilikuwa kunakili. Daftari moja halikutosha watoto wa mtaa mzima, kwa hiyo Zaina akimaliza sura nilikaa chini na kalamu nikaandika nakala ya pili. Mwandiko wangu ulikuwa na kasoro moja iliyomchosha mwalimu: sikufunga herufi a kwa juu. A yangu ilitoka kama u. Nilijua, ila nilikuwa mvivu, na wasomaji wangu walikwisha kuzoea kubahatisha.

Mlango wa pili kutoka kwetu aliishi Mama Hassani, mshonaji, mwanamke wa maneno machache. Mwaka ule alikuwa akikaa na Espérance, msichana wa miaka kumi kutoka Ruziba, kusini mwa mji. Mama yake Espérance alikuwa amemuuzia Mama Hassani mboga kwa miaka mingi hadi wakawa kama ndugu. Mapigano yalipokaribia kule, alimpandisha mtoto kwenye gari lililokuwa likija mjini, yeye akabaki kumtafuta bibi, akasema atafuata kesho yake. Miezi miwili ilikuwa imepita. Espérance hakulia mbele yetu. Kila mchana aliketi kizingitini akitazama upande wanakotokea watu wa kusini. Ukimwita kucheza alikuja, akacheza vizuri tu, kisha akarudi palepale.

Siku moja alimfuata Zaina kwenye meza ya ndagala.

“Yaya, ule muzimu wako anaweza kufika Ruziba?”

“Anafika popote.”

“Basi umutume. Aende aone mama, akuje atuambie kama ni muzima.”

Kwetu muzima ni mtu aliye hai na mwenye afya. Ndilo neno tunalosalimiana nalo asubuhi. Zaina alisita. Nakumbuka alipanga upya mafungu ya ndagala yaliyokwisha kupangwa. Halafu akaandika, kwa sababu alimwonea huruma na kwa sababu hakujua kukataa ombi la msomaji. Mwavita alipita bariyeri tatu, akaingia kwenye nyumba moja huko Ruziba, akarudi na kusema: “Nimemuona mama yake Espérance. Ni muzima.” Niliinakili sura ile mbiombio kabla sijatumwa kuchota maji, nikampelekea Espérance mwenyewe.

Kesho yake mchana kizingiti kilikuwa kitupu. Nilimkuta Espérance ndani, amelala, uso kaugeuzia ukutani, daftari kalibana kifuani.

“Amesema mama ni muzimu,” aliniambia.

Nilichukua daftari nikaangalia. A yangu ya mwisho ilikuwa wazi kama kikombe. Sijawahi kuogopa vile, na wakati huo tulikuwa tukisikia bunduki karibu kila juma. Nilikimbia kumwita Zaina, tukarudi tukihema, naye akapaza sauti tangu uani: “Apana, Espérance! Mama ni muzima! Ni huyu mutoto na maandishi yake mabaya!” Aliinamia daftari na kalamu mkononi. Ulihitajika mstari mmoja tu, mfupi kuliko ukucha.

Mama Hassani aliinuka kwenye cherehani, akavuka chumba, akamshika mkono.

“Zaina, acha vile. Usiguse.”

Akamnyang'anya kalamu. Akaketi kitandani, akampakata Espérance, msichana mkubwa vile, na hapo ndipo Espérance akalia. Sisi tukaambiwa twende kwetu.

Nilimchukia Mama Hassani. Niliona ni mwanamke mwenye roho mbaya, aliyeweza kumwondolea mtoto huzuni kwa tone moja la wino akakataa. Kwa muda mrefu nilimwamkia nusunusu, nikitazama pembeni, na yeye aliitikia kama kawaida.

Nilikuwa nimeshaolewa Zaina aliponieleza yale ambayo yeye mwenyewe aliambiwa baadaye. Majuma matatu kabla ya sura ile, mtu wa Ruziba alikuwa amefika kwa Mama Hassani na habari. Mama yake Espérance na bibi walikuwa wamezikwa pamoja, kando ya shamba lao. Majuma matatu Mama Hassani alifungua kinywa na kukifunga. Alikuwa ameshamshonea Espérance sare ya shule ya kwetu, ameshamwandikisha kama mwanawe, kila kitu alikuwa amefanya isipokuwa kusema.

Nikiukumbuka mchana ule siku hizi, namtazama yeye zaidi kuliko Espérance. Alitusikia tukipiga kelele uani kwamba mama yu hai. Tulikuwa tunamletea nafuu ya kutosema kwa siku nyingi, pengine miezi. Alichotakiwa ni kuendelea kushona tu. Alikuwa na muda wa hatua nne au tano wa kuamua, akaamua, akakubali hata kuchukiwa na mtoto wa jirani. Nina watoto watatu sasa, na nimejiuliza mara nyingi. Mimi nisingeinuka.